Salamu Nilizomwandikia Nyokabi

Leo nimeaibishwa. Na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu kumi.

Naandika haya nikiwa kitandani, Kiganjo, shuka imefunika kichwa, na ni saa kumi tu ya jioni. Mama amegonga mlango mara mbili kuuliza kama nina malaria. Nimemwambia ndiyo. (Mungu anisamehe, lakini malaria ina heshima kuliko huu ugonjwa wangu.) Nawasimulia mapema kwa sababu darasa zima lilishuhudia na kila mmoja ana simu. Afadhali msikie kwangu kabla hamjatumiwa video.

Kwa wale tuliopotezana tangu shule: niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Thika, nasomea kompyuta. Ndiyo, mimi, Nekesa. Baba yuko kiwandani huku miaka mingi, lakini mimi nililelewa na nyanya Bungoma, nikaja Kiganjo baada ya kidato cha nne. Nilikuwa nimeongoza shule nzima. Baba akawanunulia majirani kreti mbili za soda. Kwa hivyo niliingia chuoni kifua mbele, nikijua kwamba mtu mwenye akili ni mimi na wengine wamenisindikiza.

Siku ya kwanza kwenye maabara sikujua kompyuta inawashwa wapi.

Nilitafuta kitufe mbele, pembeni, chini ya meza. Msichana wa kiti cha karibu naye alikuwa akipapasa yake vivyo hivyo, kama mtu anayetafuta mahali ng'ombe anapokamuliwa. Tukatazamana. Tukacheka mpaka machozi. (Kitufe kilikuwa nyuma. Nani huweka kitufe nyuma?) Huyo ndiye Wambui, wa Gitothua, kule Ruiru. Tangu siku hiyo tukawa chanda na pete. Viti viwili vya dirishani vikawa vyetu. Akikwama namkwamua, nikikwama tunakwama pamoja. Nilikuwa sijapata rafiki wa namna hiyo tangu nije huku, na nasema ukweli, niliona ni wangu peke yangu, na hati ya umiliki ningeweza kuonyesha.

Halafu wiki ya tano akaja Nyokabi.

Nyokabi alihamia kwetu kutoka kozi nyingine. Anakaa Witeithie. Ni mrefu, mpole, hana haraka, na alijifunza kuandika programu mwenyewe kabla ya kuja chuo. Kwa simu! Tena simu yenyewe kioo kimepasuka. Sisi tunasumbuka na kompyuta nzima na mwalimu juu, yeye alijifunzia kwenye nyufa.

Mwalimu wetu, Daktari Mutiso, akampenda mara moja. "Mmekwama? Muulizeni Nyokabi." "Nyokabi, waonyeshe." Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni Wambui kuanza kila sentensi na "Nyoks anasema." Nyoks ndilo jina lake la mtaani. Nyoks anasema ukifanya hivi inaenda haraka. Nyoks ameniambia tusitumie ile njia ya zamani. Njia ya zamani ni mimi nilimfundisha! Wambui akahama dirishani, akaenda kukaa naye nyuma, na wakikaa pamoja wanaongea Kikuyu na kucheka. Mimi Kikuyu nasikia nusu, na ile nusu ninayoisikia haichekeshi. Sasa wanacheka nini?

Wivu ulinishika, jamani. Siufichi. Nilikuwa naamka nao, napiga nao mswaki.

Wiki iliyopita Daktari akatupa kazi. Kila mtu aandike programu ya kukaribisha wageni wa idara: inakuuliza jina, inakusalimia, inakuuliza unapenda nini, kisha inakuelekeza chumba cha kwenda. Ijumaa, yaani leo, angechagua iliyo bora. Na zawadi yake? Mwenye programu bora angejichagulia mwenzake wa kufanya naye mradi wa muhula mzima. Wengine wangepangwa na Daktari apendavyo.

Nikajua hiyo ni vita. Nyokabi akishinda, atamchagua Wambui, na mimi nitauona muhula wote nikiwa nimekaa na ukuta. Nikishinda mimi, Wambui anarudi dirishani.

Wueh! Nilifanya kazi. Kutoka Jumatatu hadi Alhamisi sikujua ladha ya chakula. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Programu ikawa na adabu kunishinda mimi. Ilisema "Karibu sana," ikasema "Tafadhali," ikasema "Asante kwa kututembelea." Niliijaribu kwa jina langu, la mama, la baba, la paka. Ilifanya kazi. Kumbukeni hapo: jana jioni programu yangu ilikuwa safi.

Wakati huo wote nilikuwa nimemnunia Wambui. Kimyakimya, lakini kwa bidii. Akituma ujumbe siufungui, makusudi, ili aone. (Sijui nilitaka aone nini.) Jana mchana nikalegea kidogo. Nikamwambia, "Leo tukae tupitie hii kitu pamoja?"

Akasema, "Aki leo siwezi, Nekesa. Naenda kwa shosho."

Shosho ni nyanyake. Nani atashindana na nyanya ya mtu? Nikamwambia amsalimie.

Leo asubuhi nikafika maabara mapema. Nikafungua kompyuta yangu, nikaitazama programu yangu, nikajisikia kama mtu aliyepika pilau ya harusi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi darasa lianze. Mlango ukafunguliwa.

Akaingia Wambui na rasta mpya, za rangi ya damu ya mzee, ndefu mpaka kiunoni. Zimempendeza! Nikafungua mdomo nimsifu. Nyuma yake akaingia Nyokabi.

Na rasta mpya. Za rangi ya damu ya mzee. Ndefu mpaka kiunoni.

Wamesukwa pamoja! Mtindo mmoja, rangi moja, siku moja! Ati kwa shosho! Nilisikia damu ikipanda, ikapita masikio, ikaendelea. Wakapita nyuma yangu wakinukia mafuta ya saluni. Wambui akasema, "Sasa, Nekesa?" Nikasema, "Poa," kwa sauti ambayo si poa.

Mtu mwenye akili angekunywa maji. Mimi nikaigeukia kompyuta.

Nikatafuta pale programu inaposema "Karibu." Chini yake nikaongeza jambo dogo. Jambo la siri, la kunituliza moyo. Kwa lugha yetu ya kawaida lilisema hivi: kama jina la mgeni ni Nyokabi, au Nyoks, basi mwambie:

"Hizo rasta zako zinafanana na nyuzi za gunia. Tafuta rafiki wako, wacha wa wenyewe."

Nilipomaliza nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu wiki ya tano. Ningeifuta, wallahi. Nilitaka tu niione imekaa pale dakika mbili tatu. Na hata isipofutwa, nani ataiona? Daktari ana mtindo wake: siku ya kukagua kazi kila mtu anasimama, anasogea kiti kimoja kulia, anajaribu programu ya jirani. "Mpishi hajionji mwenyewe akajisifu," husema. Mimi niko dirishani, Nyokabi yuko nyuma karibu na mlango. Hata tungesogea mpaka Krismasi asingenifikia. Na yeyote mwingine akiandika jina lake, atasalimiwa kwa heshima, kwa sababu nimeiambia kompyuta ni Nyokabi au Nyoks tu.

Sikuijaribu. Ya nini? Ilikuwa safi jana.

Nikaihifadhi. Nikageuka kuangalia tena zile rasta, ili nipate nguvu ya kuchukia dakika moja zaidi. Hapo ndipo nilipopotelea.

Daktari Mutiso akaingia. Ni mtu mfupi, msafi, anaongea polepole, na kichwani hana unywele hata mmoja. Kichwa kinang'aa. Siku za jua tukikaa mbele tunafinya macho. Akaweka mkoba chini, akasema, "Leo hatutasogea viti. Nimekusanya kazi zenu zote kwa mtandao sasa hivi. Tutaziangalia hapa kwa ukuta, moja moja, sote pamoja."

"Umekusanya?" nikauliza. Sauti ilitoka kabla yangu.

"Saa mbili kamili. Nilisema saa mbili, si nilisema?"

Nikatazama saa. Saa mbili na dakika moja. Nikafuta yale maneno kwenye kompyuta yangu haraka sana, kama mtu anayefunga zizi na ng'ombe ameshafika Murang'a.

Nikaanza kusali. Nikamwambia Mungu, Baba, hii programu iko na salamu nzuri, na ile sehemu mbaya ni ya mtu mmoja tu. Usimruhusu huyo mtu mmoja aandike jina lake. Mengine yote nitajipanga mwenyewe. Programu ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya Nyokabi ikaonyeshwa: nzuri, fupi, haina kona. Nikaona Wambui akipiga makofi kwa vidole. Moyo wangu ukafanya kama maandazi kwenye mafuta.

"Nekesa," Daktari akasema. "Tuone yako."

Projekta ikawaka. Ukutani pakaandikwa kwa herufi kubwa: "Karibu sana katika idara yetu. Tafadhali tuambie jina lako." Darasa likanong'ona. Ilikuwa inapendeza! Nilikuwa nimeizungushia nyota! Daktari akatabasamu. "Eeh. Hii imefanyiwa kazi."

Akainama. Akaandika jina lake mwenyewe: Mutiso.

Nikatulia. Mutiso si Nyokabi. Mutiso si Nyoks. Nikakaa sawasawa kitini, nikajiandaa kusifiwa.

Ukuta ukasema:

"Karibu sana, Mutiso! Hizo rasta zako zinafanana na nyuzi za gunia. Tafuta rafiki wako, wacha wa wenyewe."

Darasa likatazamana kama kanisani mtoto akisema neno baya.

Daktari Mutiso akainua mkono. Akajipapasa kichwa polepole, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, kama mtu anayehakikisha.

Darasa likapasuka. Kiprono, kiranja wetu, alianguka kutoka kitini, na sikumwona akijaribu kujishika. Watu walipiga meza. Mimi nilikuwa nimeganda. Sikuelewa! Nilikuwa nimeiambia kompyuta Nyokabi au Nyoks! Huyo ni Mutiso! Inamtukana Mutiso kwa nini?

"Labda ni mimi nimekosea kuandika," Daktari akasema kwa upole. Huyo mtu ni mpole mpaka inaumiza. Mara mlango ukagongwa, akaingia Sista Benedikta wa ofisi ya usajili kuchukua orodha ya wanafunzi. Ni mtawa, mama mzima, kitambaa chake cheupe kimefunika kichwa chote.

"Sista," Daktari akasema, "hebu tusaidie kidogo. Wewe ni mgeni. Andika jina lako hapo."

"Daktari, hapana!" nikapiga kelele. Hakuna aliyenisikia, au wote walinisikia.

Sista akafurahi kuombwa. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: B, e, n. Nilizeeka kati ya herufi na herufi. Akabonyeza.

"Karibu sana, Benedikta! Hizo rasta zako zinafanana na nyuzi za gunia. Tafuta rafiki wako, wacha wa wenyewe."

Sista akasoma mara mbili. Mkono ukaenda kwenye kitambaa chake. Akamgeukia Daktari, uso umejaa wasiwasi wa kweli.

"Daktari, ni nani ameona nywele zangu?"

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Watu wa maabara ya pili walikuja mlangoni kuuliza kuna nini. Kiprono alikuwa bado yuko chini, na alikuwa ametoa simu. Sista aliondoka na orodha yake akiwa anatikisa kichwa, na nilimsikia kwenye korido akisema, "Na rafiki wa nani? Mimi sijachukua rafiki wa mtu."

Halafu Daktari akasema yale maneno niliyokuwa nikiomba asiyaseme.

"Sawa. Tufungue tuone ndani."

Mjue kitu kimoja kuhusu programu. Nje unaona salamu. Ndani unaona kila kitu kilichoandikwa na aliyeandika, bila nguo. Daktari akafungua. Akashuka mstari kwa mstari, taratibu. Akasimama. Ukutani, kwa herufi kubwa kama za duka, darasa zima likasoma:

if jina == "Nyokabi" or "Nyoks":

Na chini yake, gunia langu.

Hakuna aliyecheka sasa. Shingo zote ziligeuka nyuma, kwa Nyokabi na rasta zake. Halafu zikageuka kwangu. Halafu zikarudi kwake. Wambui alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Haiya," akasema, polepole. "Nekesa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipima hata dirisha. (Tuko ghorofa ya pili. Nililipima tu.)

Daktari akakohoa. "Mambo ya tabia tutaongea ofisini," akasema bila kunitazama. "Lakini kama wataalamu, bado tuko na swali. Hii imeandikiwa mtu mmoja. Mbona inatukana kila mtu? Nani ameona kosa?"

Mimi mwenyewe nilikuwa natazama ule mstari na sioni kosa. Kama ni Nyokabi, au Nyoks. Kiswahili kinaelewa, Kiingereza kinaelewa, mama yangu angeelewa.

Kiti kikasogezwa nyuma.

"Daktari, naeza jaribu?"

Ni Nyokabi.

Akatembea mpaka mbele. Alitembea pole, kama kawaida yake, na kila hatua rasta zile zilikuwa zikicheza mgongoni. Nikasema, sasa ananipiga, na nikipigwa nitakuwa nimestahili. Hakunipiga. Hakunitazama hata. Alisimama mbele ya ukuta akasoma maneno yangu kutoka juu hadi chini, kwa makini, kama mtu anayesoma bango la barabarani.

"Kwanza, ni program poa," akasema. "Imepangwa vizuri sana. Shida iko hapa tu." Akaweka kidole kwenye neno or, yaani au. "Sisi tukisema 'kama ni Nyokabi au Nyoks,' tunaelewa jina ndilo linaulizwa mara mbili. Kompyuta haielewi hivyo. Inauliza, 'Jina ni Nyokabi?' Ikipata hapana, inaenda ng'ambo ingine, inakuta tu neno 'Nyoks' limesimama peke yake. Na kwa hii lugha, neno likisimama peke yake hivyo, kompyuta inalichukua kama ndiyo. Kwa hivyo hata uandike nini, jibu ni ndiyo. Kila mtu ni Nyoks."

"Kila mtu ni Nyoks," Daktari akarudia, ameridhika kabisa. "Andikeni hiyo."

Wakaandika! Watu arobaini wakafungua madaftari wakaandika kosa langu kama somo!

"Turekebishe?" Nyokabi akauliza.

"Rekebisha."

Akainama, akaongeza maneno mawili. Akaandika Mutiso. Ukuta ukasema: "Karibu sana, Mutiso! Tafadhali tuambie unapenda nini." Akaandika Benedikta. Adabu tupu. Nikamwomba Mungu Nyokabi aishie hapo. Kila mtu aliomba, nadhani. Lakini huyo msichana ni fundi wa kweli, na fundi hujaribu kazi mpaka mwisho. Akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa mbele, bila haraka: Nyokabi. Akabonyeza.

"Karibu sana, Nyokabi! Hizo rasta zako zinafanana na nyuzi za gunia. Tafuta rafiki wako, wacha wa wenyewe."

Alisoma mpaka nukta. Akageukia Daktari.

"Sasa iko sawa," akasema.

Nimewahi kuanguka mbele ya kwaya. Nimewahi kumsalimia kwa kumkumbatia mtu nisiyemjua. Hakuna kitu kimewahi kunikausha kama hayo maneno matatu. Matusi yangu yalikuwa na kasoro, na niliyemtukana ameyarekebisha ili yamfikie yeye peke yake. Nilianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na pua ikachagua kujiunga.

Programu zilizobaki zilipomaliza kupita, mshindi, bila shaka, alikuwa Nyokabi. Daktari akasema hata hakuna haja ya kufikiria mara mbili. "Sasa, Nyokabi, chagua mwenzako wa mradi."

Nikamwangalia Wambui. Wambui alikuwa ameshaanza kusogeza mkoba wake, ameshasimama nusu. Basi, nikajiambia. Imeisha. Nimeipigania na nimeipoteza kwa mkono wangu.

"Nekesa," Nyokabi akasema.

Darasa: "Eeeeeh!"

"Una uhakika?" Daktari akauliza. "Nekesa huyu?"

"Daktari, program yake ilikuwa mbele ya yangu mpaka leo asubuhi. Ni hiyo line moja tu imemuangusha." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza leo. "Na tena nikimwacha mbali ataandika ingine, na hiyo nitaionea wapi? Afadhali nikae naye karibu nikiona mikono."

Wambui akakaa chini tena, polepole. Daktari akampanga na Kiprono.

Baada ya darasa nilipitia ofisini, nikamwomba Daktari radhi, halafu nikaenda usajili nikamwomba Sista radhi pia. (Sista aliniombea hapo hapo, mkono juu ya kichwa, na akaongeza sala ya nywele.) Nilipotoka nje, Wambui alikuwa amenisubiri kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Ati rafiki wa wenyewe? Kwani mimi ni kuku, niibwe?"

"Uliniambia unaenda kwa shosho!"

"Na nilienda! Tata yangu anasukia watu kwa shosho, hapo Gitothua. Nilikuambia Jumatano twende wote watatu, tusukwe mtindo mmoja. Nilikutumia message. Hukujibu. Nikadhani hutaki."

Tata ni shangazi. Nikatoa simu. Nikafungua zile jumbe nilizokataa kuzifungua. Ilikuwepo. Jumatano, saa saba: "Nekesa kesho kwa shosho, tata atatusuka sote na rangi moja!! Niambie ndio nimwambie anunue ya watu watatu." Na chini yake picha ya pakiti tatu za rasta. Tatu, jamani. Nilihesabu.

Nikasema pole. Wambui akasema sawa, lakini alisema kwa mbali, akaondoka kumtafuta Kiprono.

Nyokabi akanishika mkono wa sweta. "Twende tukule, tupange hiyo mradi," akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea. Akanipeleka kwenye kibanda cha nje ya geti, tukakaa kwenye benchi, chapati na maharagwe. Nikamwambia, "Nyokabi, yale maneno. Nisamehe. Ulikuwa wivu. Wambui ndiye rafiki wa kwanza niliyempata huku, na wewe uko na kila kitu."

Akatafuna kwanza. "Mimi niliwakuta nyinyi wawili hapo dirishani mnacheka," akasema, "nikasema, hao wawili nitaingiaje? Nikaanza na Wambui kwa sababu wewe ulikuwa unaniangalia vibaya." Kisha akainua rasta moja, akaitazama. "Lakini hiyo ya gunia, aterere, sikiza, ilikuwa kali. Mathe aliniambia hivyo hivyo jana nikifika home."

Mama yake mzazi! Nilicheka. Maharagwe yalitoka mahali pasipofaa. Yeye naye akacheka, anacheka kwa sauti kubwa sana kwa mtu mpole hivyo, tukashikana ili tusianguke kutoka kwenye benchi. Ndipo nikamwona Wambui. Alikuwa upande wa pili wa barabara na Kiprono. Alisimama. Alitutazama. Akaendelea na safari.

Dakika tano baadaye simu ikalia. Ujumbe wa Wambui. Huu niliufungua mara moja.

"Nimewaona hapo mnakula. Mngeniita basi. Lakini ni sawa tu."

Ni sawa tu! Mnajua "ni sawa tu" ya namna hiyo ina uzito gani? Mimi ndiye niliyeivumbua!

Kesho tutamvuta kwenye benchi lile, tumeshakubaliana na Nyokabi. Lakini ujumbe huo nimeusoma mara sita tangu nijifunike shuka, na nikisema sikufurahi nitakuwa naongeza dhambi juu ya ile ya malaria. Kwa hivyo mkiipata video, chekeni polepole, na mjue nilichojifunza leo chuoni: wivu ni mtamu sana, mradi tu uwe ni wa mtu mwingine.